Barua za Marehemu Fundi Miwani

Barua zilianza kurudi siku za manyunyu, ile mvua isiyonyesha ikaeleweka wala isiyokatika, inayoufanya mji mzima utembee kama mtu aliyeamshwa kabla ya kumaliza usingizi. Mwalimu mkuu alituma ratiba ya mitihani, ikarudi. Muuza vipuri aliagiza bearingi, agizo likarudi. Muuguzi mmoja aliyekuwa akiomba kazi ng'ambo alituma vyeti vyake, vikarudi, akatuma tena, vikarudi tena, mpaka akaja ofisini mwenyewe na mwavuli unaodondosha maji kuuliza amekosa nini. Kila barua ilirudi na maneno yale yale makavu: haipokelewi, mtumaji yumo kwenye orodha ya kuzuia.

Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo, ghorofani juu ya duka la rangi, ikiuzia mji intaneti na barua pepe. Upande wa barua uliangaliwa na mwanamke mmoja wa makamo ambaye wenzake walimwita Dada Posta. Jina lilianza kama utani likamganda, hata mama yake mzazi akipiga simu ofisini alikuwa akiuliza, "Dada Posta yupo?" kisha anacheka peke yake. Alishinda katika chumba cha seva, kidogo na baridi kama friji, taa za kijani zikipepesa na feni zikivuma sauti moja isiyopumua. Ukikaa humo sana, unapoteza habari za saa. Alivaa sweta mwaka mzima, na kila alipofungua mlango kutoka alijiona kama mtu anayeibuka toka chini ya maji, sauti za watu zikimfikia moja moja kutoka mbali.

Mambo ya orodha zile aliyajua. Wapo watu duniani ambao kazi yao ni kuwinda barua taka. Wakiziona zinatoka kwenye seva yako, wanaiandika orodhani, na wenye seva nyingine hutazama orodha hiyo kabla ya kufungua mlango. Ukishaandikwa, barua zako zote zinalala nje, za matapeli na za walimu wakuu pamoja.

"Samaki mmoja akioza," alisema bosi, akiegemea mlango na simu mbili mkononi, zote zinaita. "Waandikie watutoe."

"Bosi, tumtafute huyo samaki kwanza. Nikiomba sasa hivi watatutoa, halafu watatuandika tena. Na ukirudi kwao mara ya pili hawana haraka na wewe."

"Wewe omba tu, dada yangu. Wateja wananimeza mzimamzima."

Akaomba. Wakatolewa asubuhi, na barua zikaenda zake kwa raha, na bosi akapiga mluzi korido nzima. Kabla ya chai ya saa kumi wakawa wameshaandikwa tena. Akaomba tena, na mara hii waliojibu waliuliza: chanzo ni nini, na mmefanya nini kukiondoa? Bosi hakupiga mluzi. Alikwenda kusimama dirishani akatazama maji yakitiririka kwenye kioo.

Dada Posta akarudi chumbani kwake kupekua kumbukumbu za seva, mstari baada ya mstari, nani katuma nini kwenda wapi. Hapakuwa na aliyezidisha. Aliyekuwa akifanya uchafu huo alikuwa mjanja, alituma kidogo kidogo, akijichanganya na watu wema kama mwizi aliyejipenyeza msibani. Macho yakaanza kumuuma. Ili ayapumzishe, akafungua sanduku lake mwenyewe la barua, kule pembeni zinakotupwa zile za taka.

Akaliona jina.

"Rafiki yangu," barua ilisema, "nimepata kitu kizuri sana. Fungua uone."

Imetoka kwa Fundi Miwani, na imetumwa jana. Dada Posta alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena. Jina lilikuwa pale pale. Mzee yule ndiye aliyempima macho, akamchagulia fremu na kumwambia kwamba uso wake unapenda vitu vya duara. Naye Dada Posta alikwenda kumzika, kabla ya mvua, akaona kwa macho hayo hayo kaburi likifukiwa. Kwa muda alikaa tu, feni zikivuma, taa zikipepesa, na ilimjia fikra kwamba huko alikokwenda mzee labda kweli kuna kitu kizuri, na amekosa wa kumwonyesha.

Kisha akajikuna kichwa akasema kwa sauti, "Hebu, wewe," na kulitafuta jina kwenye kumbukumbu. Lilikuwa kila mahali. Alfajiri, adhuhuri, wakati wa mvua na wakati wa jua kidogo, marehemu alikuwa akiandika kidogo kidogo bila kuchoka, kwa kila aliyewahi kumtengenezea miwani na kwa maelfu ambao hajawahi kuwajua.

Akaifunga njia ya kutuma ya akaunti ile. Lakini kompyuta iliyokuwa ikituma, kwenye laini ya nyumbani kwake marehemu, iliendelea kugonga mlango, ikitafuta upenyo mwingine.

"Laini yake ikatwe," bosi alisema.

"Ni nyumba ya mjane. Kwa laini hiyo hiyo anaongea na mwanawe aliye mbali. Ngoja niende nikaongee naye."

Bosi akatazama saa, akatazama simu zake, akapumua. "Kabla hatujafunga ofisi uwe umerudi na jibu."

Alikwenda kwa miguu. Nyumba ilikuwa mwisho wa mtaa wa mafundi, chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka, na mlango wa bati wa duka ulikuwa umeshushwa. Mjane alifungua mlango wa ubavuni, mwanamke mwembamba, kanga begani, macho yake makubwa nyuma ya vioo vinene.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, unalowa." Akamtazama kidogo. "Hiyo fremu ni ya mume wangu."

"Ndiyo, mama. Ni kazi ya mkono wake."

Akampitisha ndani. Katika chumba cha mbele miwani ilikuwa ukutani bado, safu juu ya safu, na mwanga mdogo uliopenya kwenye matundu ya bati ulitua juu ya vioo vile ukatawanyika darini, ukitetemeka. Ilikuwa kama kuingia mahali penye watu wengi walionyamaza. Mezani, katikati ya vibisibisi na vitambaa vya kufutia, kompyuta kuukuu ilikuwa inavuma.

"Haijazimwa?" Dada Posta aliuliza.

"Tangu aondoke." Mjane alikaa kwenye kiti cha wateja. "Aliiacha hivyo, akasema anakwenda kunyoosha mgongo kidogo. Nilipokwenda kumwamsha, hakuamka. Sasa kelele yake hii, mwanangu, ukiwa kule chumbani ukalala ubavu, ni kama mtu anayefanya kazi bado. Ninapata usingizi."

Dada Posta aliitazama kompyuta. Maneno aliyoyapanga njiani yakamponyoka. Akamweleza polepole: kwamba kirusi kimeingia kwenye kompyuta ile, kwamba kinatuma barua kwa jina la marehemu, kwamba kwa sababu hiyo barua za mji mzima zinakataliwa.

"Najua zinatumwa," mjane alisema.

"Unajua?"

"Shemeji yangu alinipigia simu analia. Kaka yake kamwandikia. Hajala tangu siku hiyo, anasema marehemu ana kinyongo naye, waliachana bila kupatana. Na mimi nimeletewa, kwa anwani ya kijana wangu aliyoiacha kwenye simu hii." Akatoa simu kwenye kanga, akaiwasha, akamwelekezea. Rafiki yangu, nimepata kitu kizuri sana. "Mimi si mwehu. Wafu hawaandiki, na mume wangu kamwe hakuniita rafiki, aliniita Bibi Mkubwa. Lakini jina lake linawaka hapo, mwanangu. Simu inalia, ninatazama, ni yeye. Ungefanya nini?"

"Sijui, mama," alisema Dada Posta, na hakuwa akisema uongo.

Mwanga ulitembea darini. Mvua ilisikika kama mtu anayepepeta mchele mahali fulani nyuma ya nyumba.

"Na shemeji hukumwambia ukweli?"

Mjane aliinamisha kichwa. "Nilipaswa. Kila nikitaka kumwambia, naona kama ndiyo naenda kumzika mume wangu tena, mimi mwenyewe, kwa koleo."

Dada Posta alisogeza kiti chake karibu. "Nitachomoa waya wa mtandao tu. Nitaisafisha. Laini yako itabaki, utaongea na mwanao kama kawaida. Na ukitaka hii ivume, itavuma."

"Kelele haitaondoka?"

"Haitaondoka. Ila ili isafishike, lazima niizime kidogo. Halafu ninaiwasha."

Mjane akanyoosha mkono, kama mgonjwa anayejitoa kwa sindano, na Dada Posta akaushika kwa mkono mmoja, kwa mwingine akachomoa waya, akabonyeza.

Feni ilipunguza mwendo, ikakoroma, ikasimama.

Ukimya ulioingia ulikuwa mzito, na vidole vya mjane vilibana mpaka vikauma. Kisha, kidogo kidogo, chumba kikaanza kusikika. Tone la maji kwenye ndoo uani. Ndege chini ya paa, akijikung'uta. Mtu barabarani akimwita mwenzake, "Wewe, subiri basi!" na mwenzake akicheka. Vioo ukutani viligongana taratibu, kwa kuwa upepo mdogo ulikuwa unapita chini ya mlango, na labda ulikuwa ukipita siku zote.

"Kumbe," alisema mjane.

Dada Posta alipeleka mkono kuiwasha.

"Iache kwanza," mjane alisema. Vidole vyake vililegea. "Iache nisikilize."

Akaegemeza kichwa kitini. Baada ya muda macho yakajifumba, na pumzi yake ikawa ndefu. Dada Posta alikaa naye hivyo hivyo, mkono wake umeshikwa, akihisi naye anabebwa, kama mtu aliyelala chini ya mti asioujua jina, mpaka simu ya bosi ilipomtetemesha mfukoni. Akajitoa polepole. Kompyuta aliibeba kwapani, imefungwa kwenye kitambaa, kwa ruhusa aliyopewa kwa kichwa tu, nusu usingizini.

Ofisini aliisafisha, akabadilisha nywila, akaweka kizuizi ili akaunti yoyote ikianza tena kutuma kwa wageni wengi isimamishwe yenyewe. Kisha akakaa kuwajibu wenye orodha. Chanzo ni nini? Alianza kwa lugha ya kitaalamu, akaifuta. Mwishowe aliandika hivi: "Ni kompyuta ya mteja aliyefariki, iliyoachwa inawaka. Mjane wake amekubali izimwe leo. Hapa chini nimeeleza tulichobadilisha."

Jibu lilikuja asubuhi, kutoka kwa mtu asiyejitambulisha. "Tumewatoa. Mpeni pole mama huyo."

Barua zilizokuwa zimekwama zikaanza kuondoka. Ratiba ya mitihani ikaenda. Bearingi zikaenda. Vyeti vya muuguzi vikaenda, na bosi akaja kuegemea mlango, simu zake zimenyamaza, akasema tu, "Haya bwana," akaondoka, na mluzi ukasikika koridoni, chini chini, kama mtu anayeogopa kujiletea mkosi.

Jua lilipotoka, mjane alikuja ofisini kuchukua kompyuta. Hakuwa na haraka ya kuichukua. Alikaa mbele ya Dada Posta, akaweka kipochi magotini.

"Mwanangu, na mimi nataka anwani yangu. Jina langu mwenyewe. Nifundishe."

Akamfundisha. Alichapa kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama anayetafuta sindano kwenye zulia, akikataa kusaidiwa. Alipomaliza aligeuza skrini ili Dada Posta amtazamie makosa.

"Shemeji, salamu. Zile barua hazikuwa za kaka yako, ni ugonjwa wa mashine. Nilijua nikanyamaza, unisamehe. Kaka yako hakuwa na kinyongo na wewe. Aliniambia mwenyewe, siku ile uliposahau kofia yako hapa, akaivaa akazunguka nayo nyumba nzima. Njoo kwangu Jumapili. Ni mimi."

"Hakuna kosa, mama," alisema Dada Posta.

"Basi itume."

"Bonyeza wewe. Pale."

Mjane akabonyeza, wote wawili wakasogea karibu na skrini kutazama, na barua ikapokelewa.