Saba Iliyofutwa

Fundi cherehani aliingia ofisi ya walimu na futi kamba bado inaning'inia shingoni, hasira zimempanda hadi utosini. Miaka yote anashona sare za shule hii, leo wamkosoe hesabu ya darasa la tatu? Thubutu!

Binti yake alikuwa amepewa maswali matano ya kujaza namba inayokosekana. Atakayepata yote angeingia timu ya hesabu ya shule, na nafasi ilibaki moja tu. Wiki nzima mtoto hakuwa na wimbo mwingine, hata mswaki alipiga huku akihesabu. Akapata manne. Lililomwangusha ni lile alilosaidiwa na baba yake.

Jioni ya jana Fundi alikuwa mezani anakata sketi, binti kando yake na daftari.

"Moja, mbili, nne, halafu nafasi," binti alisema. "Nimeandika saba."

"Saba imetoka wapi?" Fundi akatandaza kitambaa. "Hiki kimoja. Kunja, mbili. Kunja, nne. Kunja tena?"

"Nane. Lakini baba, ukiangalia mbele..."

"Mbele wapi? Nakunja vitambaa tangu hujazaliwa. Sikio halipiti kichwa."

Akachukua kifutio mwenyewe, akasugua ile saba mpaka karatasi ikaota manyoya, akaandika nane nono ya kujivunia.

Sasa, hapo ofisini, mwalimu wa hesabu hakubishana. Alifungua daftari, akaweka kidole kwenye swali. "Soma mpaka mwisho, Fundi."

Moja, mbili, nne, nane, kumi na moja, kumi na sita.

Fundi akakunja kitambaa kichwani. Nane ikikunjwa ni kumi na sita, hii kumi na moja inatafuta nini katikati? Akarudia polepole. Ongeza moja, ongeza mbili, ongeza tatu. Saba. Ongeza nne, kumi na moja. Jana mkono wake ulikimbia kukunja, macho hayakuvuka ile nafasi. Na chini ya nane yake, saba ya mtoto ilikuwa bado inaonekana.

"Kumbe alipata," alisema. "Mimi ndiye niliyemfutia. Mrudishie alama yake, mwalimu."

"Nafasi nimeshampa mwenzake, Fundi. Ameshaambiwa mbele ya darasa zima. Nikamnyang'anye?"

Fundi alitikisa kichwa, akaaga. Alirudi nyumbani na hasira zake zote, na hakuna wa kumshushia ila yeye mwenyewe.

Binti alikuwa mezani na zoezi jipya: tatu, sita, tisa, halafu nafasi. Hilo angelijaza hata usingizini. Penseli ilikuwa imelala kando ya daftari.

"Mwanangu, nimekosea," Fundi alisema. "Wewe ndiye uliyepatia. Nisamehe."

"Nimekusamehe, baba," alijibu kwa adabu, kisha akamsogezea penseli. "Andika tu wewe, usije ukapata tena taabu ya kufuta."