Kura ya Titi la Kushoto

Siku aliyoambiwa na daktari kwamba ana njia mbili, mshona mapazia alishuka basi kituo kimoja kabla ya kwao ili anunue vitunguu, kwa sababu vya pale ni vikavu na haviozi haraka. Alipofika nyumbani alikuta wanawake wawili wameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, wamevua viatu, wanajipepea kwa pindo za nguo. Wote wawili walikuwa yeye. Mmoja alikuwa na matiti yote mawili, ila la kushoto lilikuwa dogo kidogo na limebonyea upande wa kwapa. Mwingine alikuwa na la kulia tu. Upande wa kushoto blauzi yake ilikuwa imelala bapa. Walimpokea mfuko wa vitunguu. Mama mkwe alichungulia dirishani, akahesabu vichwa, akaongeza maji kwenye mchuzi.

Hakuna aliyeuliza wametoka wapi, maana sura zilijieleza. Wifi yake, dada wa mumewe, aliwatandikia godoro kwenye chumba cha cherehani akawaonya wasilalie vitambaa vya wateja.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye kalamu inayovuja. Alikuwa amemweleza kwamba uvimbe ni saratani, ila umewahiwa. Njia ya kwanza ni kutoa uvimbe peke yake na nyama kidogo inayouzunguka, titi libaki, halafu apigwe mionzi kwa wiki kadhaa, siku za kazi zote, kwenye hospitali ya mji mwingine kwa kuwa mashine iko huko. Njia ya pili ni kulitoa titi lote. Kwa uvimbe wa ukubwa ule, huenda mionzi isihitajike, angepona kidonda akarudi kazini. Kwa upande wa kuishi, alisema, njia hizo hazipishani. "Uamuzi ni wako," alimalizia. Mshona mapazia alimwomba arudie hapo. Daktari akadhani hajaelewa habari za mionzi, akaanza upya kumweleza mashine.

Nyumbani kwao uamuzi haukuwa wa mtu. Baba mkwe alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa reli tangu ujana hadi kustaafu, na alipostaafu alirudi na kengele ya mezani na kanuni zote za vikao. Kila Jumapili baada ya chakula aligonga kengele, nyumba ikakaa. Walipiga kura kuhusu rangi ya geti, kuhusu paka, kuhusu wifi kuolewa na yule muuza matairi, hoja ambayo ilianguka. Mtu ambaye jambo linamhusu alitakiwa kutoa tamko la maslahi na kutoka nje, ili kura isiwe na upendeleo. Mzee hakujibagua. Ajenda ilipokuwa meno yake ya bandia, alitoka akasimama uani kwenye jua, kofia mkononi, mpaka alipoitwa. Watu wa mtaa walimcheka chinichini, lakini hata wao walikiri kwamba katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumpigia mwenzake kelele.

Wageni wale walikaa wiki nzima. Walikuwa watu wa kazi, kama yeye mwenyewe. Walikwenda naye dukani, na bosi wake alifurahi kwa sababu kulikuwa na hoteli iliyotaka mapazia ya ghorofa tatu. Alisema mshahara utabaki ule ule kwa kuwa mtu ni yule yule. Mwenye titi moja hakuweza kuinua mkono wa kushoto kupita bega, kwa hiyo alishika ngazi. Mwenye mawili alipanda kutundika pazia, ingawa alichoka mapema na ikabidi akae chini adhuhuri, macho kayafumba.

Walimwonyesha vifua vyao bila kuombwa, siku walipokuwa watatu peke yao kwenye chumba cha cherehani. Mmoja alikuwa na kovu refu lililonyooka, limeshonwa vizuri. Yeye kama fundi aliona mshono ulikuwa wa mtu asiye na haraka. Mwingine alikuwa na kovu fupi, na ngozi ya titi imekolea weusi ikawa ngumu mahali mionzi ilipopita. Aliwauliza swali moja tu ambalo lilikuwa limemkosesha usingizi.

"Mtaishi?"

"Hatujui," alisema mwenye titi moja. "Sisi tumekuja baada ya kidonda kupona. Hapo mbele hatujafika."

Aliwatazama kwa zamu, akaona hakuna aliyemtisha, lakini macho yake yaliendelea kurudi kwa yule mwenye mawili. Alimtamani waziwazi, jinsi mtu anavyotamani kitanda chake akiwa safarini. Hakuwa na sababu kubwa. Titi lile halikuwa zuri. Lilikuwa limenyonyesha mtoto mmoja mbishi na tangu hapo lilikuwa likitazama chini. Alilitaka tu.

Jambo lililomfunga mikono ni safari. Hospitali ya ule mji mwingine ilidai mgonjwa awe na msindikizaji, na yeye mwenyewe alikuwa ameona mwenye mawili anavyozimika adhuhuri. Angehitaji mtu wa kwenda naye, na mtu wa kushika nyumba nyuma yake. Angeweza kumwambia daktari anachotaka, sawa, lakini neno lake lingehitaji miguu ya watu wengine ili lifike. Kwa hiyo alipiga moyo konde, akamwomba mzee aliingize jambo lake kwenye kikao cha Jumapili.

Mzee alilipokea kwa heshima. Usiku ule alionekana akifuta miwani mara nyingi kuliko kawaida, na mama mkwe alisema alikuwa analia, ila kwa taratibu.

Jumapili walikaa: mzee, mama mkwe, wifi, mume wa mshona mapazia ambaye ni mpima macho, na binti yao wa pekee ambaye alikuwa amepewa haki ya kura mwaka ule na bado aliketi wima kila kikao. Kengele ikagongwa. Mzee alieleza njia mbili kwa usahihi kabisa, kumshinda daktari, akaongeza kwamba mifano ya zote ipo nyumbani na wajumbe wameiona. Kisha akamgeukia mkwewe.

"Mama, kabla hujatoka, kanuni inakuruhusu maelezo mafupi."

"Nataka libaki," alisema.

"Sababu?"

Alitafuta. "Ni langu, baba."

Mzee alisubiri kidogo ili aone kama kuna zaidi. "Hilo tunalijua, mwanangu," alisema kwa upole. "Hakuna anayebisha kwamba ni lako. Ndiyo maana inabidi utoke."

Akatoka. Wageni walitaka kubaki, lakini mzee aliamua kwamba kwa jambo hili watatu wale ni mtu mmoja mwenye maslahi, nao wakamfuata jikoni. Mlango wa jikoni ulikuwa haufungiki vizuri tangu hoja ya kuurekebisha iahirishwe. Walisimama kando ya sinki wakisikiliza, mabega yamegusana.

Alikuwa amepiga hesabu zake. Wifi hakumtegemea, wala mama mkwe. Lakini alikuwa na mumewe na alikuwa na mtoto wake. Wakifungana wawili kwa wawili, mzee angelazimika kupiga kura ya mwenyekiti, na mzee alikuwa na huruma ukimbana vizuri.

Mama mkwe alianza. Alisema wiki zote hizo mji wa watu, kwenye joto, na chakula cha kununua, zitammaliza mtoto wa watu kabla ya ugonjwa. Litolewe, arudi nyumbani wamlee. Wifi aliunga mkono, akasema yeye angemsindikiza kwa moyo wote kama si mgongo. Halafu ikawa zamu ya mumewe. Yeye ndiye aliyezungumza na mgeni mwenye matiti mawili wiki nzima, akimkaribisha kiti, akimuuliza kama macho yanamsumbua. Nyumba nzima ilikuwa imeona.

"Nikisema libaki," alisema, "mtasema najitakia mwenyewe. Na yeye atakuja kufikiri hivyo hivyo akizidiwa. Siwezi. Litolewe."

Jikoni, mshona mapazia alifungua bomba kidogo, akalifunga. Alibaki na mmoja.

Binti yake hakuinua mkono kuomba nafasi. Alizungumza tu, na safari hii babu yake hakumkemea.

"Mimi nataka mama," alisema. "Nimemwona yule mwingine anavyokaa chini mchana. Anakuwa kama amekufa. Hilo titi sijali. Nataka mama."

Akaanza kulia, na watu wazima wakalia pia, hata wifi. Hoja ikapita kwa kauli moja, kengele ikagongwa, na mzee akatangaza mapumziko ili watu wanawe nyuso. Mshona mapazia hakuweza kumkasirikia hata mmoja wao. Alijaribu. Alipitia sura moja baada ya nyingine akitafuta pa kuweka hasira, akaona kila sura inampenda.

Mwenye matiti mawili alikuwa tayari anavaa viatu. Kanga aliyoazimwa na wifi aliikunja akaiweka juu ya godoro, akakung'uta nyuzi zilizomganda kwenye sketi. Mshona mapazia alimsindikiza mpaka mwisho wa uchochoro, pale lami inapoanzia. Jua lilikuwa kali na mtu aliyekuwa akiosha gari aliwasalimia wote wawili kwa pamoja.

"Ungenichagua?" aliuliza yule.

"Ndiyo."

"Ulisema?"

"Nilisema. Waliniuliza sababu."

Yule aliitikia kwa kichwa kana kwamba amepewa jibu la kutosha. Alimkumbatia, na kwa kitambo mshona mapazia alilisikia titi lile dogo, gumu, lenye joto, limebanana na lake. Kisha akaondoka kwa mwendo wake wa kuchoka kuelekea kituoni. Basi lilikuja, na kondakta akamshika mkono kumpandisha. Hakutazama nyuma, kwa sababu mshona mapazia naye si mtu wa kutazama nyuma anapopanda basi.

Aliporudi, kengele ilikuwa imegongwa tena na kiti chake kilikuwa kimevutwa. Mzee alimwita kwa sauti laini akamwambia aketi, kwenye ajenda hii ana kura kamili. Jambo lilikuwa ni nani atapika, atafua na kumwandaa mtoto kwenda shule siku mama yake atakazokuwa hospitalini. Wifi alikuwa ametoa hoja. Mgeni aliyebaki amekwisha kupona; kazi za nyumba anazijua zote, chumvi yake ni ile ile, tena hana pa kwenda. Achukue nafasi, nyumba isiyumbe.

Mzee alifikiri kidogo, akaamua kwamba safari hii hawa ni watu wawili. Mwenye titi moja, kwa kuwa jambo lilimhusu, alinyanyuka akaenda kusubiri jikoni.

Walipiga kura. Mkono wa mama mkwe ulipanda, na wa wifi, na wa mumewe. Binti alimtazama mama yake kwanza, macho mekundu, akainua wake. Wote wakamgeukia mshona mapazia, wakimngoja kwa upendo. Kule jikoni bomba lilikuwa limeshafunguliwa na sahani zilianza kugongana, kwa mpangilio ule ule anaoutumia yeye, vikombe kwanza.

Aliinua mkono, na kura yake ikahesabiwa.