Nafasi Kando ya Mama

Kwa miaka ishirini na mmoja dereva yule aliwapeleka wageni mbugani kupiga picha za jua linapozama, hata wenzake wakambandika jina la Bwana Machweo. Alijua mwezi gani jua huangukia nyuma ya mgunga upi, na gari lisimame wapi ili watu wasigombee dirisha. Jua lenyewe lilikwisha kumchosha. Aliliona kama mpishi wa hoteli anavyoviona vitunguu.

Zilikuwepo picha nyingine zilizomchosha zaidi, nazo zilining'inia ukutani kwake. Kila mara familia yake ilipopiga picha, baba alikuwa kazini. Basi mkewe akazoea kuacha nafasi upande wake wa kulia, na fundi picha wa pale stendi akamchomeka baba kwa kompyuta. Fundi alikuwa na picha moja tu ya baba, kavaa shati la bluu. Kwa hiyo ukutani watoto walikua, mama akaota mvi, baba akabaki kijana wa shati la bluu, akichekelea kwenye mahafali na hata kwenye mazishi ya mama mkwe. Majirani walimuuliza anakunywa dawa gani asizeeke. Alicheka nao, lakini ilimuuma.

Safari hii alikuwa ameahidi. Kifungua mimba wake, muuguzi, alikuwa anakwenda kufanya kazi ng'ambo, na asingerudi kabla ya miaka minne. Basi lake la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa la saa moja na nusu usiku, na saa moja kamili wangekutana wote kwa fundi picha.

"Baba, uje mwenyewe," binti alimwambia. "Sitaki kuondoka na shati."

Asubuhi makanika wa kambi alikagua gari akasema starta iko mahututi, na nyingine ingefika kesho. Akamuonya kwamba akishawasha, asizime mpaka awarudishe wageni kambini; akizima porini, amelala huko huko. Kutwa nzima gari likanguruma, hata wageni wake, mtu na mkewe, walimu wastaafu, walipokuwa wakila chakula cha mchana ndani yake.

Saa kumi na mbili walikuwa njiani kurudi, kambi ikiwa mwendo wa dakika kumi tu, na kutoka hapo hadi mjini ni nusu saa. Alikuwa amewaeleza mapema kwamba leo hakuna machweo, binti yake anasafiri, nao wakakubali bila kinyongo. Walipofika chini ya kilima, mawingu yakapasuka, jua likatokeza jekundu juu ya migunga. Yule mwalimu wa kike hakuomba kitu. Alinyanyua kamera tu.

Bwana Machweo alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hufanya kazi kwa mikono, si kwa kichwa. Mguu ukakanyaga breki. Usukani ukakata kushoto, pua ya gari ikasimama kwenye jiwe lile lile la siku zote, na mkono ukazungusha ufunguo, maana injini ikitetema picha hutoka na ukungu. Kukawa kimya. Kamera ikalia mara tatu.

Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Akazungusha ufunguo, starta ikagonga mara moja, basi. Akajaribu tena na tena. Kusukuma kusingewezekana: mbele jiwe, nyuma korongo, na ndani wazee wawili. Kambini walimjibu kwa redio kwamba gari la kuwavuta liko ng'ambo ya mto, wangoje kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na yeye leo aliwachukia kwa kusema kweli. Wageni walipouliza kuna nini, aliwaambia ni jambo dogo, waendelee kupiga picha.

Akapanda juu ya paa, mahali pekee penye mtandao, akampigia binti yake. Alianza na habari za starta, kisha akaziacha.

"Nimezima mwenyewe," alisema. "Mkono umezoea. Nisamehe, mwanangu."

Binti hakulia wala hakukasirika, na hilo ndilo lililomkata maini.

"Haya, baba. Usikae nje sana, kuna baridi."

Jua lilikwisha kuzama na wageni walikuwa wakisinzia simu ilipotikisika. Ilikuwa picha: mama amekaa, wadogo wawili nyuma yake, binti amesimama na sanduku miguuni. Kando ya mama, nafasi. Alidhani fundi hajamaliza kazi yake, mpaka aliposoma maneno ya chini.

"Nimemkataza fundi asikuchomeke. Nataka niende na picha yetu jinsi tulivyo."

Akaikuza kwa vidole mpaka ile nafasi ikajaa kioo chote. Mtu hakuwepo. Lilikuwepo pazia la fundi tu, na kwenye pazia pamechorwa mgunga, na jua linazama.