Mkono wa Fundi Kioo

Saa tisa alasiri fundi mwenzake angekuja na mkokoteni kubeba vifaa vyote vya karakana, na Fundi Kioo alikuwa ameshakubali kumwachia. Alipewa jina hilo kwa sababu bampa ya gari akishaing'arisha, ungeweza kunyoa ndevu kwa kujitazama humo! Lakini tangu apatwe na kiharusi miezi minane iliyopita, mkono wa kulia ulitetemeka kutwa, na kitambaa cha kung'arishia kikawa kinamponyoka tu. "Basi, yamekwisha," alisema, akavikunja vitambaa vyake vyote akaviweka kando. Maneno hayo yalimtisha mkewe kuliko ule ugonjwa wenyewe.

Asubuhi hiyo mama wa watu akarudi kutoka dukani na kidubwasha: tufe la sifongo lenye mkia wa chuma, la kuchomeka kwenye drili. Kioo akalitazama, akaguna.

"Mke wangu, hili si la kuoshea sufuria?"

"Ni la kuoshea huo mdomo wako. Shika!"

Ringi ya alumini ya gurudumu la gari la jirani yao dereva ilikuwa juu ya meza, imeoshwa, imefifia kama jivu. Kioo akapaka dawa ya kung'arishia, akawasha drili, akakandamiza kama alivyozoea kukandamiza kitambaa. Toba! Dawa ikaruka, ikampata mkewe usoni mpaka puani. Mzee akacheka hadi akakaa chini. Miezi minane hakuwa amecheka hivyo, na mkewe hakujifuta, asije akamkatiza.

Mara ya pili hakukandamiza. Aliliacha tufe liende lenyewe, likazama kwenye kona za ringi, likajibinya, likatoka upande wa pili. Mkono ulitetemeka vilevile, ila sifongo ilikuwa inaumeza mtetemo wote, na kwenye ringi hakikufika kitu. Mkewe ndiye aliyeliona hilo kwanza.

Mara sifongo ikawa nyeusi tii.

"Yarabi, tumeiharibu!"

"Hebu tulia, we mwanamke. Weusi ndio habari njema. Alumini inavua nguo chakavu hiyo."

Akazima drili, akapangusa mara moja. Mkewe akashika mdomo. Ndani ya ringi mlikuwa na dirisha zima, mabati ya paa, na mikono ya mumewe, yote miwili, ikiwa kazini. Miaka thelathini ameishi na mng'arishaji na bado alisimama pale ameduwaa, machozi yanamtiririka, wala hakuona haya.

"Unalia nini sasa?"

"Nimeingiwa na dawa machoni. Endelea bwana!"

Saa tisa mkokoteni ukasimama mlangoni. Fundi mwenzake akaingia, akaikodolea macho ringi, hata salamu akaisahau. Mwishowe akakohoa.

"Kaka, nimekuja kuchukua vile vifaa."

Kioo akaongeza dawa kidogo kwenye sifongo. Hakuinua kichwa.

"Vifaa gani?"