Mate ya Nyamburi

Nyamburi alikunywa mchuzi wa korodani za fahali siku tatu mfululizo, amefumba macho. Wee, acha kabisa! Mwanamke wa miaka sitini, hajawahi kumkimbia chatu, sasa anaogopa kichupa.

Mumewe alikufa bila kumwachia mtoto wa kiume, naye akafanya walivyofanya bibi zake: akatoa ng'ombe, akamwoa binti aitwaye Mbuke, ndiyo nyumba ntobhu, ili boma lao la njia ya Butiama lisife. Mbuke akazaa mtoto, Pastory, akahesabiwa wa Nyamburi na marehemu. Mwikwabe, mdogo wa marehemu, alinyamaza miaka yote ya dhiki. Ruksa ya biashara huria ilipoingia na bei ya ng'ombe ikapanda, ndipo akakumbuka kwamba mwanamke hawezi kuwa mwenye boma!

Mwaka wa tisini na mbili akaja Eufrasia, binti wa Bunda aliyesomea mambo ya miili ng'ambo. Alitaka watu arobaini, wake kwa waume, wateme mate kwenye vichupa asubuhi na jioni kwa wiki sita, apime homoni inayoitwa ya kiume. Vichupa vilihifadhiwa kwa barafu ya kiwanda cha sangara, Musoma. Mwikwabe akaruka mbele ya wazee.

"Safi! Mate yaamue. Yangu yakiyazidi ya Nyamburi, ng'ombe na mtoto ni wangu."

Wazee, Mungu awasamehe, wakakubali. Eufrasia alipinga mpaka sauti ikamkauka, lakini nani amsikilize? Kitu kimekuja na barafu yake, kitashindwaje kumjua mwenye boma?

Ndiyo maana ya ule mchuzi: uyape mate yake nguvu za kiume. Eufrasia alipounusa alicheka hadi machozi, kisha akamshika Nyamburi mkono. "Mama, sukutua. Lete mate yako yalivyo."

Miezi saba baadaye alirudi na karatasi, kila mtu na yake. Wazee walikuwa wameketi kando ya zizi.

"Hii ni siri yako, Mama," Eufrasia alisema.

"Soma tu. Nimechoka kuogopa."

Mstari ulipanda na kushuka kama vilima. Eufrasia akaweka kidole juu. "Siku hii kulikuwa na nini?"

Nyamburi akahesabu kimoyomoyo. "Wezi wa ng'ombe. Nilisimama langoni na mkuki."

"Na huku chini?"

"Pastory alikuwa na malaria. Nilimpakata usiku na mchana, hadi alipopelekwa hospitali."

Nywele zilimsimama. Hakumwambia mtu hofu ya siku zile, wala mapenzi yake. Kumbe mwili wake uliyaweka yote, hadi kwenye mate! Akaigusa karatasi taratibu, anavyoigusaga Biblia.

"Na yangu!" Mwikwabe akadakia.

"Yako iko juu kuliko yake," Eufrasia akasema. "Siwadanganyi. Za wanaume ziko juu."

Mbuke akamkumbatia mtoto, akaanza kulia. Mwikwabe akapiga makofi.

"Lakini tazama inavyotembea," Eufrasia akaendelea. "Tulidhani damu ndiyo inamtuma mtu. Kwa hawa arobaini, nimeona kazi nayo inaituma damu. Hapa yako imeshuka kuliko siku zote. Ulikuwa wapi?"

Mwikwabe akainama kutazama.

"Hospitali," akasema. "Nilimpeleka Pastory kwa baiskeli. Nililala naye kifuani siku tatu. Alikuwa anachomaga kama jiko."

Mwikwabe hakuuondolea macho ule mstari. Akaufuata kwa kidole, naye hakujali nani anamwona.

"Imeandikwa," alinong'ona. "Jamani, hata hii imeandikwa."

Mzee mmoja akakohoa. "Basi, Mwikwabe, umeshinda. Chukua mtoto."

Mwikwabe akamchukua Pastory mikononi mwa Mbuke, akambusu kichwani, akaenda kumweka kwenye mapaja ya Nyamburi. Ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka malishoni.

"Shemeji," alimwambia, "twende nikusaidie kufunga zizi lako."