Samaki ya Unga ku Bariere ya Kavimvira

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa chini, kichwa yangu katikati ya magoti ya mama, ananisuka. Kufika ku musuko ya tano akatia bic ndani, akaifunika na nywele, akaikaza na uzi mweusi. Ilikuwa bic ya papa, kalamu yake ya kazi. Mwaka ile, mwaka ya ine kisha uhuru, bantu ba mapinduzi balikuwa banakamata kila muntu mwenye iko na bic mu mufuko. Banasema kama unajua kuandika, weye njo uliandikiaka Bazungu majina yetu. Papa yangu, Basile, alikuwa karani ku depo ya mchele ya Bwegera. Alikuwa na bic mbili. Ile ingine balimukamata nayo.

"Usitikise kichwa," mama alisema. "Nyamaza tu sawa vile unanyamazaka siku zote. Hakuna mwenye atajua."

Kunyamaza ni kitu minye najua.

Tulipanda juu ya mifuko mu kamyo ya mchele mpaka ku bariere ya Kavimvira, kwenye basoda ya mapinduzi balikuwa banasimamisha bantu. Kutoka pale mpaka ku buloko ya Uvira, kwenye papa alikuwa amefungwa, ni mwendo ya saa moja na miguu. Lakini bantu habakuwa banapita. Ili upite ulipaswa kuwa na karatasi, na karatasi inaandikwa na karani, na makarani bote balikuwa mu buloko. Bariere ilikuwa imefungwa tangu siku ine. Chakula tu njo ilikuwa inapita, juu chakula haiombwe karatasi.

Mama alitaka kujua kitu moja tu: kama papa iko muzima.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu mu bonde ya Ruzizi. Ilitulowesha bote, na mbuzi, na mifuko. Basoda ya bariere njo habakulowa. Balikuwa bamekunywa ile dawa ya vita yenye inageuza risasi kuwa maji, na mvua, vile nayo ni maji, ilikuwa inabakwepa. Inashuka mpaka karibu na kichwa ya soda, kisha inapita kando. Batoto balikuwa banaenda kusimama karibu yabo kwa kujikinga, mpaka shefu ya bariere akabafukuza. Dawa ilikuwa na sharti moja: musoda asikule chakula yenye imepikwa na mwanamuke.

Ku mukono ya kushoto ya barabara, chini ya bashi, turubai ya buluu, kulikuwa mama moja na moto ya makala na sufuria tatu. Alifika na mvua ya Jumanne, kutoka Koreya. Jina yake Malsuni. Bantu balikuwa banamuita Muchina.

"Minye si Muchina," alikuwa anasema bila kukasirika. "Koreya. Pembeni."

"Pembeni ya wapi?"

"Ya Chine."

"Basi ni sawa siye na Burundi," Pélagie akasema, na mambo ikaisha. Pélagie alikuwa muuzishaji wa ndagala, samaki ndogo ya ziwa, na ndagala yake ilikuwa imeanza kunuka ku bariere.

Malsuni alikuwa anatwanga mchele ya Bwegera, anaukanda na maji ya moto, anauviringisha sawa vidole, kisha anautupa mu supu nyekundu ya pilipili. Ile inaitwa tokboki. Pélagie njo alionja wa kwanza. Alitafuna kwa muda murefu.

"Hii ni bugali yenye ilikasirika," alisema, akaongeza ingine.

Kisha tukakula hotoki, mukate ya bapa yenye iko na sukari na karanga ndani. Sukari inakuwa imeyeyuka, inakuchoma ulimi, na haukubali kuiacha. Saa sita mvua ya mawe ikaanguka. Malsuni akatoa beseni inje, ikajaa barafu, akaiponda na muchi, akamimina maharagi yenye sukari juu yake.

"Maharagi na sukari!" Pélagie alisema. "Kwetu hata mugonjwa hatumufanyie vile." Alimaliza bakuli, akalamba na kijiko.

Mama hakukula kitu. Alikuwa anaangalia basoda.

Soda moja, Octave, kijana wa Rurambo, alikuwa anasimama karibu na bashi tangu asubuhi. Sharti alikuwa anaijua. Alitia kidole moja mu supu ya tokboki, akalamba. Kisha akakula sahani muzima.

Mvua ikamuona. Ilianzia ku bega ya kushoto.

"Kamarade, umelowa," shefu ya bariere alimuambia.

"Ndiyo, shefu."

"Ulikula nini?"

"Mchele."

"Ya nani?"

Octave akaangalia viatu yake. Shefu akamunyanganya bunduki, akamupa kazi ya kupeleka chakula ya bafungwa, juu muntu mwenye analowa hafai vita. Basoda bengine bakasogea mbali naye, sawa vile banasogea mbali na muntu mwenye upele.

Pale mama akanivuta nyuma ya kamyo, akafungua musuko ya tano.

"Andika."

"Mama, bakiniona na bic..."

"Andika kidogo. Lakini andika."

Tulikuwa na karatasi ya sabuni. Niliandika: *Papa, tuko ku bariere, minye na mama. Uko muzima? Jibu kwa nyuma. Agathe.* Mama akaifunga pamoja na kipande kidogo ya makala ya kuzimika kutoka ku moto ya Malsuni, ili papa apate cha kuandikia.

Malsuni hakuuliza kitu. Alikuwa na chuma ya vipande mbili, yenye ndani imechongwa sawa tumbo ya samaki. Alimimina unga, akatia maharagi, akatia karatasi yetu, akamimina unga tena, akafunga, akageuza juu ya moto. Ilitoka samaki yenye macho, magamba na mukia.

"Iko na mifupa?" Pélagie aliuliza.

"Moja tu," Malsuni akajibu.

Shefu alisimamisha sahani yenye mama alitia ile samaki.

"Hii ni nini?"

"Samaki," mama alisema.

"Inanuka mukate."

"Ni samaki ya unga."

Shefu aliitikisa karibu na sikio. Alitoa kisu. Kisha, badala ya kupasua, aliniangalia minye, juu mama alikuwa anamukazia macho sana.

"Weye, mutoto. Ndani muko nini?"

Ku masomo, mwalimu akiniuliza, ninaangaliaka meza mpaka aulize mwingine. Pale hapakuwa meza.

"Maharagi," nilisema. Ilitoka na sauti kubwa, hata mbuzi ikageuka. "Maharagi na sukari."

"Na sukari!" Shefu akacheka mpaka akarudisha kisu. "Bantu ba Bwegera bamepata wazimu. Pitisha."

Mama alimupa Octave sahani mu mikono yake mwenyewe.

"Mutoto yangu, sasa unalowa sawa siye. Peleka kwa Basile, karani wa mchele. Mu mukono yake. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Kuelekea jioni mvua ikaanza kupanda milima. Malsuni akakunja bashi, akaweka sufuria ku kichwa, akaenda pamoja na mvua. Pélagie akamulalamikia kwamba ile ya barafu hakuonja vizuri.

Octave alirudi na mikono mitupu.

"Ulimupa?" mama aliuliza.

"Mulango ya buloko iko na tundu, mama. Niliita jina yake. Mukono ikatoka, ikakamata samaki, ikarudi ndani."

"Ilikuwa mukono yake?"

"Sijui mukono yake."

"Kidole ya kati. Iko na wino, wino yenye haitoke. Uliona wino?"

"Ilishika mbio sana, mama. Bote mule ndani bako na njaa."

Mama akatandika mufuko chini, tukakaa. Kesho yake bariere ilikuwa ingali imefungwa juu ya kukosa karani. Shefu akapita katikati yetu, akauliza kama hakuna muntu mwenye anajua kuandika. Hakuna mwenye aliitika; bic ilikuwa imerudi mu musuko yangu. Akauliza tena siku yenye kufuata.

Kila jioni Octave alikuwa anatoka Uvira, analowa hata kama ni mvua ndogo. Mama alikuwa anasimama mbele ya bengine bote. Hakuwa anamuuliza tena na mudomo. Alikuwa anashika mikono yake, anaifungua, anaangalia huku na huku kama iko na karatasi yetu, kisha anamuambia, "Basi kesho."