Divai ya Shamba la Mama

Tangu Bwana Redlich, mlowezi wa Kijerumani, ahamie mlimani, chupa zake za divai zililala gizani chini ya sakafu ya ghala la kahawa, na sasa Chausiku, mtumishi wake, ndiye aliyezitunza. Abasi, mpishi, alikuwa Mwislamu wa Bagamoyo na hakukubali kushika kileo hata kwa kijiti.

"Harufu yake peke yake itakupeleka motoni, dada," alimtania kila alipopita na sinia.

Chausiku alimjibu kwamba huko motoni atafurahi, maana atamkuta Bwana, na safari hii Bwana hatakuwa na askari.

Chuki yake haikuwa siri kwa mtu yeyote isipokuwa Bwana mwenyewe. Mteremko wote ule wenye mibuni ulikuwa wa ukoo wake. Kwa Waluguru ardhi hupita kwa mama. Mume hulima shamba la mkewe kama mgeni aliyekaribishwa, na hana ruhusa ya kumpa mtu hata tuta moja. Bwana Redlich hakuuliza. Alimkuta Salehe, mume wa Chausiku, akipalilia mahindi. Kwa kuwa Salehe alikuwa mwanamume, akamhesabu kuwa ndiye mwenye shamba. Salehe alipokea koti lenye vifungo vya shaba, akaweka kidole kwenye karatasi. Kisha aibu ikamshinda, akatorokea Mikese, na koti lake.

Mjomba Mwinjuma, mkuu wa ukoo, alishuka bomani, kwa wakuu wa serikali, kueleza kosa hilo. Alieleza kwa upole kwamba aliyetoa hakuwa na cha kutoa, na kwamba shamba ni la mama zao. Bwana naye akaitwa, akasema mzee ni mwongo. Mzee akapigwa viboko chini ya bendera, akarudi juu amebebwa, na mavuno ya mwaka ule hakuyaona. Walimzika katika kichaka cha makaburi ya ukoo, juu kidogo ya mibuni.

Msiba ulipoisha Chausiku akaenda kuomba kazi nyumbani kwa Bwana. Watu walidhani ni njaa. Mama yake mdogo, Mwaisha, alidhani vingine, akamletea mzizi uliofungwa katika kitambaa. Chausiku aliurudisha. Mtu akishakufa, alisema, hajui amepoteza nini. Yeye alitaka Bwana ajue.

Basi akangoja aone Bwana anapenda nini, na hakungoja sana. Kila siku yake ya kuzaliwa Bwana alifungua chupa moja, na akishakunywa alisimulia. Mama yake alikuwa Mfaransa. Divai ile ilitoka katika shamba la mizabibu la ukoo wa mama huyo, na shamba lenyewe walilipora watu wenye karatasi na mihuri, yeye akiwa bado mtoto. Zimebaki chupa tu. Aliinua glasi mbele ya dirisha, akaizungusha, akainusa huku amefumba macho, akaiacha divai ikae mdomoni kabla ya kumeza. Mwaka mmoja alilia. Chausiku alikuwa nyuma yake na sinia. Mtu huyu alijua. Alijua kabisa shamba la mama ni kitu gani.

Mwezi wa nane mwaka 1916 mizinga ilianza kusikika kutoka upande wa mto Wami, Waingereza wakikaribia. Wajerumani wa mjini walifunga mizigo kuelekea kusini. Watumishi wa Bwana walitoweka mmoja mmoja. Hata Abasi aliaga. Wapagazi waliposimama uani na mizigo yao, Bwana alisema Waingereza hawataipata chupa ya mwisho. Ataimaliza mwenyewe mchana huu, kisha waondoke.

Chausiku alikuwa ameshaamua. Alifungua kizibo jikoni, akamimina divai polepole katika jagi la kioo kama alivyofundishwa, ili mashapo yabaki chini ya chupa. Angefika kwenye kizingiti cha chumba cha kulia, amtazame Bwana usoni, aliachie jagi lipasuke. Viboko angevumilia.

Lakini Bwana hakuweza kukaa akingoja. Alimpokea mlangoni, akalichukua jagi kwa mikono yake miwili. Chausiku akabaki mikono mitupu. Miaka yote ile, na sasa atamwona mtu huyu akifumba macho na kufurahi.

Bwana alijaza glasi, akaiinua, kisha akasita.

"Wote wamekimbia," alisema. "Kwa nini wewe hukukimbia?"

Bwana akaitazama glasi, akamtazama yeye, kisha akaisukuma mezani upande wake.

"Onja. Kwenu mwenye kuleta pombe huonja kwanza. Nimekaa hapa vya kutosha kulijua hilo."

Hapo ndipo Chausiku alipouona woga machoni mwake, akajua kwamba jagi halikuwa na haja ya kuvunjika.

Aliiinua glasi mbele ya dirisha, akaizungusha. Akainusa. Akaiacha divai ikae mdomoni, na ilikuwa nzuri kuliko alivyodhani: si tamu ya sukari, bali ya kitu kilichoiva na kungoja, yenye harufu ya udongo uliopata mvua ya kwanza na moshi wa kuni kwa mbali. Alikunywa hadi mwisho, taratibu, bila kuketi.

"Umetia nini?" Bwana aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mjomba wangu Mwinjuma alikwambia shamba ni la mama zetu, ukasema ni mwongo. Leo nikikwambia sijatia kitu, utaniamini?"

Bwana alimimina tena. Aliifikisha glasi kwenye midomo, akairudisha mezani. Alijua kuna dawa ambazo hungoja jua lizame ndipo ziue.

"Ni shamba la mama yangu hili," alisema, akiitazama glasi.

"Najua, Bwana. Ndiyo maana nimeinywa polepole."

Msimamizi wa wapagazi aliita kutoka uani. Bwana aliondoka bila kofia. Alipofika kwenye mibuni ya mwisho aligeuka kutazama nyuma, akamwona Chausiku amesimama mlangoni, mzima, jagi mkononi.

Chausiku alipanda nalo hadi kichakani, akapiga magoti penye kaburi la mzee, akamimina taratibu mpaka udongo ukawa mwekundu.

"Mjomba," alisema, "haya ni mavuno ya shamba la mama yake. Amekwenda bila kuyaonja."